Kiraka Cheupe

Jumamosi ni siku ya vyungu katika mnada wa ufukweni Lyulilo. Tangu alfajiri mitumbwi inafika kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa, na akina mama wanashusha mizigo yao kwa uangalifu na kuipanga mchangani. Kuna vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na mabakuli, vyote vimefinyangwa kwa mikono bila gurudumu, vikapakwa udongo mwekundu na kurembwa kwa michoro myeupe. Wachuuzi wa Kyela na Mbeya hupita wakichagua. Mchuuzi mzoefu hapotezi muda kwenye marembo. Anakiinua chungu kwa mkono mmoja, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kikilia vizuri, anakiweka kwenye fungu lake. Kikikwaruza, anakirudisha mchangani hata kama ndicho kizuri kuliko vyote, maana amekwisha kujua kuna ufa chini ya rangi.

Asubuhi moja ya Agosti alipita hapo kijana mchora ramani za majengo, bomba la plastiki mgongoni, ndani yake michoro ya nyumba ya mjomba wake. Akakipenda chungu kimoja, akauliza bei, akatoa pesa.

"Kigonge kwanza, mwanangu," mama aliyekuwa akiuza alimwambia.

"Hakuna haja, mama. Naona ni kizima."

"Jicho linaona rangi tu. Kigonge."

Hakukigonga. Alikitia kwenye mfuko akaondoka, na bahati yake chungu kilikuwa kizima kweli. Kisa ninachosimulia ni cha kijana huyu na nyumba ya mjomba wake. Nakisimulia kwa ajili ya kila anayechora majengo kwa kompyuta, na kwa kila anayejenga kwa kutazama karatasi aliyoletewa, kwa sababu kosa alilofanya ni rahisi kulifanya, na anayelifanya husifiwa kabla hajalijutia.

Mjomba alikuwa mkulima wa kakao na mpunga. Akiba ya miaka mingi alitaka kuigeuza nyumba ya wageni yenye vyumba sita na varanda inayotazama ziwa, maana wageni wanaofuata ufukwe wa Matema huwa wanafika mpaka Lyulilo, hasa siku ya mnada. Kiwanja alikuwa nacho. Huko ardhi ni ukanda mwembamba: nyuma yako mlima umesimama, mbele yako maji, na katikati kila kitu kinateremka. Mtu wa Lyulilo haoni mteremko kuwa jambo la kusemea. Amezaliwa juu yake.

Kijana alichora kwa moja ya programu za kisasa za usanifu. Kwa msomaji asiyezijua nieleze kidogo, kwa sababu hapo ndipo kisa kinapoanzia. Programu ya AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, kompyuta ilichukua nafasi ya ubao na kalamu, lakini kazi ilibaki ileile: mchoraji anachora mistari, mstari mmoja baada ya mwingine. Plani anaichora peke yake, mwonekano wa mbele peke yake, wa ubavu peke yake. Kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, kwa programu iliyotoka mwaka 1984 na baadaye kuitwa ArchiCAD, ilileta njia nyingine, na Revit, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002, ikaifuata njia hiyo. Humo mchoraji anaijenga nyumba nzima ndani ya kompyuta: kuta zenye unene, sakafu yenye kimo, paa lenye mteremko, hata ardhi yenye mabonde yake. Mwonekano haumchoshi tena kuuchora. Anaweka alama upande anaotaka kutazama, na programu inamwonyesha nyumba ilivyo kutoka upande huo. Akihamisha dirisha kwenye plani, limehama kwenye mwonekano. Huo ndio ubora wake mkubwa: mwonekano ni shahidi wa nyumba, na shahidi huyo hatungi maneno yake mwenyewe.

Shahidi mkweli, hata hivyo, hana adabu ya kupanga maneno. Kijana alipofungua mwonekano wa ubavu kwa mara ya kwanza alikuta weusi mtupu. Kila mkunjo wa bati ulikuwa na mstari wake. Mawe ya msingi yalichorwa moja moja. Miti ya nyuma, ngazi, nguzo za varanda na ukuta wa mbali vyote vilikuwa na wino wa unene mmoja, jicho likashindwa kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Na ardhi, ambayo alikuwa ameiingiza kwa vipimo vya kweli vya kiwanja, ilikatiza chini ya nyumba kwa doa zito la mistari ya mshazari, mithili ya tope lililotapakaa kwenye shati jeupe.

Alifanya mambo mazuri kwanza, na lazima nimpe haki yake. Alipunguza ruwaza ya bati ikabaki mistari michache. Alipanga unene wa mistari kwa daraja, kama walivyofanya mabwana wa kalamu za wino, zile zilizopanda kutoka milimita 0.13 hadi 0.18, 0.25, 0.35, 0.5 na kuendelea: kilicho karibu kikapata mstari mnene, cha mbali chembamba. Aliamuru vitu vya nyuma vififie kadiri vinavyokwenda mbali. Akawasha kivuli cha jua la asubuhi, na varanda ikajitokeza mbele ya ukuta kana kwamba unaweza kuingia ukakaa. Yote hayo ni kazi halali ya mchoraji. Mwonekano usiosomeka hauna faida, na kuupamba ili usomeke ni kumheshimu atakayeusoma.

Kisha akafika kwenye ardhi. Njia sahihi ilikuwepo: kuipunguzia ile ruwaza nzito, kuubakiza mstari wake wa juu, kuufanya uwe mnene kuliko mistari yote, kama desturi ya michoro inavyotaka tangu enzi za ubao. Lakini mstari huo ulikuwa umeinama, na michoro mizuri aliyowahi kuiona ilikuwa na mstari ulionyooka. Akaizima ardhi isionekane. Chini ya nyumba akabandika kiraka cheupe, kile ambacho programu inakupa kwa ajili ya kufunika usichotaka kionekane, na juu ya kiraka akavuta mstari mmoja mnene, ulionyooka kama rula, sentimita 45 chini ya sakafu. Mwonekano ukatulia. Bado zilibaki alama za vimo, zile zinazoandika sakafu iko juu kiasi gani na ardhi ya kila pembe iko wapi. Akazipunguza ukubwa, akazifanya kijivu, zisiharibu picha.

Nyumba wakati huo ilikaa karibu na maji, mahali ambapo mteremko ni mdogo. Katika mita 12 za urefu wake, ardhi ilishuka sentimita 40 tu. Mstari ulionyooka ulikuwa uongo, ila uongo mdogo, ambao fundi angeurekebisha kwa kozi mbili tatu za tofali.

Michoro ilipopelekwa kuombewa kibali, mjomba aliambiwa nyumba isogezwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, na varanda ya mjomba ilikuwa ndani ya mita hizo. Sheria hiyo ina maana yake katika Ziwa Nyasa. Ziwa hili halikai mahali pamoja: mwaka 1915 lilishuka mpaka maji yakakoma kutoka kwenda Mto Shire kwa miaka kama 20, na kufikia mwaka 1980 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 6 juu ya kiwango hicho. Anayejenga mguuni pake amejenga juu ya subira ya maji.

Kijana akasogeza nyumba kuelekea mlimani. Ndani ya kompyuta ni kazi ya dakika chache, na aliifanya kwa akili. Huko juu ardhi ilishuka mita 1.50 kutoka nyuma ya nyumba mpaka mbele. Akainua sakafu ikawa sentimita 30 juu ya udongo upande wa mlima na mita 1.80 juu ya udongo upande wa ziwa. Akaongeza ngazi za mbele zikawa 12. Nyuma akaweka mfereji wa mawe wa kupokea maji ya mlima na kuyazungusha pembeni. Plani ilionyesha hivyo. Mkato, yaani mchoro wa nyumba kana kwamba imepasuliwa wima, ulionyesha hivyo. Nyumba ile, kama ilivyokuwa ndani ya kompyuta, ilikuwa nyumba nzuri na salama.

Kiraka hakikuhama nayo. Kiraka si sehemu ya nyumba. Ni karatasi iliyobandikwa juu ya mwonekano, haijui sakafu imeinuka wala ardhi imebadilika. Kijana aliufungua mwonekano wa ubavu, akakuta nyumba imehama na kiraka kimeachwa nyuma. Akakikamata pamoja na mstari wake, akavikokota mpaka chini ya nyumba, akavipangilia sentimita 45 chini ya sakafu kama mwanzo. Ngazi zilikuwa 12. Kiraka kilifunika 9. Zikabaki 3, safi, zenye kivuli. Hakuzihesabu.

Seti kamili ya michoro ilikwenda Lyulilo ndani ya lile bomba la plastiki. Mjomba aliifurahia kiasi cha kuihifadhi kabatini isichafuke. Kilichokwenda kwenye kiwanja ni karatasi moja ya A4: mionekano minne imepunguzwa ikae ukurasa mmoja, kisha ikatolewa fotokopi steshenari ya Kyela mjini, na fotokopi ikatolewa fotokopi nyingine ya fundi. Kila aliyejenga kijijini anaijua karatasi hiyo. Hukunjwa mara nne, hukaa mfuko wa shati, huloa jasho, na ndiyo inayoamua nyumba iweje. Mistari minene ilivuka safari hiyo bila shida. Zile alama za vimo, ndogo na za kijivu, zilipotea zote. Ukiitazama karatasi ile hukuona hata nukta ya mahali zilipokuwa.

Fundi hakuwa mjinga. Siku ya kupanga kamba, Oktoba, alisimama kiwanjani na karatasi mkononi, akatazama mlima, akatazama mstari ulionyooka, akapiga simu.

"Injinia, shikamoo. Hii picha inaonyesha uwanja tambarare. Huku kuna mlima."

Kijana alikuwa na kazi nyingine mezani. Hakufungua faili.

"Fuata mchoro, fundi. Kila kitu kimepimwa."

Basi fundi akafuata mchoro. Alianzia mbele, ziliko ngazi, akahesabu ngazi 3, akapata sentimita 45, akaweka alama ya sakafu. Akavuta mpira wa maji kutoka alama hiyo mpaka nyuma ya nyumba, kama fundi mwaminifu anavyofanya ili sakafu isipinde, akakuta mahali pa sakafu pako mita 1.05 chini ya udongo wa mlima. Mchoro ulisema uwanja ni tambarare, kwa hiyo akakusanya vijana wakachimba mlima uwe tambarare. Walitoa udongo wiki mbili. Nyuma ya nyumba pakabaki kingo ya udongo iliyosimama wima, ndefu kama mtoto wa shule, hatua moja tu kutoka ukutani. Mfereji haukuchimbwa, kwa sababu katika karatasi ya fundi haukuwepo. Kufikia Februari bati zilikuwa juu, kuta zimepigwa lipu, na kila aliyepita barabarani aliisifu. Ukisimama mbele, nyumba ilifanana na picha barabara.

Kyela ni miongoni mwa wilaya zinazopata mvua nyingi kuliko nyingine nchini. Aprili mvua ya huko hainyeshi kwa saa, inanyesha kwa siku, na milima ya Livingstone inayashusha maji yote kwenye ule ukanda mwembamba. Usiku wa tatu wa mvua ile kingo ya udongo ililainika, ikalala ukutani. Maji yalikosa pa kwenda, yakaingia kwa madirisha ya vyumba viwili vya nyuma. Mjomba alikuwa amehifadhi humo magunia ya mpunga. Alfajiri alikuta magunia yamekaa ndani ya tope, na harufu ya chokaa mbichi na udongo imejaa nyumba nzima. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo familia ilimshukuru Mungu.

Kijana alifika Jumamosi kupitia Ipinda na Matema, viatu mkononi. Alimkuta mjomba kwenye varanda, na fundi amechuchumaa pembeni, ile karatasi ya A4 ameikunjua gotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa. Pole na safari." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tuonyeshe ulichotuma."

Alifungua kompyuta juu ya meza ya varanda. Mwonekano wa ubavu ukajaa kwenye kioo, mzuri kama siku ile ya kwanza, na kivuli chake cha asubuhi. Akabofya chini ya nyumba. Kiraka kikazungukwa na mstari wa buluu, ndipo wote watatu wakaona kwamba pale palipoonekana ni weupe wa karatasi palikuwa na kitu. Akakifuta. Akaiwasha ardhi. Mteremko ukatokea, kutoka kushoto kwenda kulia, kama ulivyokuwa pale kiwanjani kabla ya kuchimbwa. Nyuma ukatokea mfereji wa mawe. Mbele zikateremka ngazi. Fundi akasogea, akaweka kidole chake chenye saruji kwenye kioo, akahesabu kwa sauti moja baada ya nyingine mpaka 12.

"Mimi nimejenga 3," alisema. Akatulia. "Hii ungenionyesha Oktoba."

Mjomba hakusema neno. Aliinuka akaenda kutoa mpunga nje uanikwe, na kijana akamfuata akabeba magunia naye mpaka jioni.

Nyumba haikuweza kuinuliwa. Walirudisha kingo nyuma mita 2, wakajenga ukuta wa mawe wenye matundu ya kupitisha maji, wakachimba mfereji mpana kuzunguka pande mbili mpaka ziwani. Vyumba viwili vya nyuma havikulaza wageni tena, vikawa stoo. Ada yote ya michoro kijana aliirudisha, na haikufika hata robo ya gharama ya mawe na vibarua.

Waswahili husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana huyu hakuficha kwa nia mbaya. Alikuwa anapamba, na hakujua mpaka wa mapambo uko wapi. Kwa hiyo nitausema mpaka huo kwa lugha ya kazi, ili anayechora asiseme hakuambiwa.

Kila hatua ya kurembesha mwonekano ina mahali pake, na mahali hapo pana mpangilio. Anza na nyumba yenyewe. Mstari unaokukera mara nyingi umetoka kwenye kosa la kweli: kuta mbili hazikuungana, sakafu imechomoza, paa limepita ukuta. Ukiufuta kwenye mwonekano umeliacha kosa ndani ya nyumba. Rekebisha huko, na mstari utaondoka wenyewe kwenye michoro yote kwa pamoja. Kisha nenda kwenye vifaa: bati, tofali na mawe vipewe ruwaza nyepesi inayolingana na kipimo cha mchoro, kwa sababu kinachopendeza kwa kipimo cha 1 kwa 50 kinakuwa doa kwa 1 kwa 100. Halafu panga unene wa mistari kwa aina ya vitu, kuta kwa kuta, madirisha kwa madirisha, na uuhifadhi mpango huo kama kiolezo, mionekano yote minne ivae nguo moja. Weka kikomo cha umbali wa kutazama, miti na majirani wasio na kazi waondoke. Kubadilisha mstari mmoja mmoja kwa mkono kuje mwisho kabisa, kwa mistari michache unayoweza kuitaja yote ukiulizwa.

Kiraka cheupe kina matumizi yake. Kinafaa nyuma ya maandishi ili yasomeke, kinafaa kuziba uchafu mdogo wa kwenye makutano. Kisiguse ardhi. Kisiguse msingi, ngazi, mfereji, wala kitu chochote ambacho fundi atakichimba au kukihesabu. Ardhi ya asili ichorwe kwa mstari wa vipande, ardhi itakayokuwa baada ya kujenga ichorwe kwa mstari mnene, na tofauti ya mistari hiyo miwili ndiyo itakayomwambia fundi mahali pa kuchimba na mahali pa kujaza kifusi. Na vimo viandikwe kwa wino mweusi, kwa tarakimu zinazosomeka. Tarakimu ni mifupa ya mchoro. Ukizififisha ili picha ipendeze, picha imebaki nyama tupu.

Jambo jingine ni karatasi. Kioo cha kompyuta kinaonyesha kijivu cha aina mia, lakini fotokopi ya kijijini ina rangi mbili tu, kuna na hakuna. Kabla hujatuma michoro, ipunguze mpaka A4, itolee fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi, uishike kwa urefu wa mkono wako. Kilichopotea hapo kitapotea kiwanjani pia. Kama ni mti wa mapambo, uache upotee. Kama ni kimo cha sakafu, rudi mezani.

Na wewe unayejenga, una wajibu wako. Karatasi yenye picha nzuri haitoshi kuchimbia msingi. Dai plani, dai mkato, dai ramani ya kiwanja, zikae kiwanjani hata kama zitachafuka, maana zilichapwa kwa ajili ya kuchafuka. Uliza kama aliyesanifu amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na umtake afike akanyage ardhi yako kabla kamba hazijavutwa. Fundi akisema mchoro na kiwanja havipatani, msikilize. Kiwanja kilikuwepo kabla ya mchoro.

Jioni ile ya Jumamosi, baada ya kubeba magunia, kijana alirudi kwa miguu kuelekea Matema. Mnada ulikuwa unakwisha. Mchuuzi mmoja alikuwa bado amechuchumaa mbele ya vyungu vya mwisho, anakiinua kimoja, anakigonga, anasikiliza, anakiinua kingine. Kijana alisimama hapo muda mrefu na tope mpaka magotini.

Ndugu mchoraji, leo kabla hujafunga kompyuta, fungua kazi yako ya karibuni. Washa ardhi. Ondoa viraka. Hesabu ngazi zilizopo, kisha hesabu zinazoonekana kwenye karatasi uliyoituma. Hesabu hizo mbili zikitofautiana, mpigie fundi simu sasa hivi, kabla mvua haijaanza.